Shajara ya ziara: muziki wa ibada katika kumbi zisizofanana

Jumatatu, kabla ya kuondoka

Mradi ni huu: programu ya muziki wa ibada na tafakuri, ya saa moja na kidogo, inayoweza kuhama kutoka kanisa la mawe hadi ukumbi wa mikutano wenye zulia bila kupoteza roho yake. Tuko wanne. Kuna mwimbaji, kuna mpiga nai, ile filimbi ya tete, ambaye pia hushika dufu, mimi niko kwenye kinanda cha mvukuto, mabakuli ya shaba na upatu mkubwa, na kuna fundi wa sauti ambaye kazi yake kubwa, kusema kweli, ni kuzima vitu. Nyimbo tunazo na mazoezi tumemaliza. Kilichobaki ni ile sehemu isiyoonekana kwenye bango.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anamnukuu sufi Junaid wa Baghdad kwamba kusikiliza nyimbo za kumkumbuka Mungu kunataka mambo matatu: wakati, mahali na wenzi. Vinginevyo, anasema, usisikilize. Ziara inavunja yote matatu. Wakati umechapishwa kwenye tiketi, mahali panabadilika kila baada ya siku chache, na wenzi ni watu tusiowajua waliokaa gizani. Nimeyaandika maneno hayo matatu kwa kalamu nene ndani ya kifuniko cha sanduku la kinanda. Kila tukifika mahali tutajaribu kurudisha angalau moja, na humu nitaandika ilivyokwenda.

Alhamisi, makaratasi

Siku nzima imeliwa na orodha. Ili kupitisha ala mipakani kwa muda bila kuzilipia ushuru kuna hati ya ATA, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1961. Hudumu mwaka mmoja. Kila kitu kinaandikwa humo, uzito wake, thamani yake na nchi kilikotengenezwa, na forodha inagonga muhuri mnapoingia na mnapotoka. Mkikosa muhuri wa kutoka, upatu wenu kwa mujibu wa makaratasi bado uko nchi ile, na mnaweza kudaiwa ushuru kana kwamba mmeuuza. Kwenye mgawanyo wa kazi mimi ndiye mtu wa mihuri. Mtu wa mihuri haendi msalani mpaka ameuona wino.

Mbao nazo zina habari yake. Tarehe 2 Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kwa karibu miaka mitatu wapiga klarineti na zumari walikuwa wakivuka mipaka roho mkononi. Tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikasamehewa sharti la kibali. Mti ule wa Brazili, Dalbergia nigra, ndio haukusamehewa. Uko kwenye Kiambatisho cha I tangu 1992. Sisi tuna nafuu: nai ni tete tu, na kipande chake cha mdomoni ni cha plastiki ngumu, kwa hiyo ofisa akiuliza habari za pembe jibu letu ni fupi.

Betri za akiba za maikrofoni na taa zimehamia mizigo ya mkononi, kwa sababu za lithiamu haziruhusiwi kwenye buti la ndege. Zisizozidi wati-saa 100 hazihitaji kibali cha shirika. Fundi amebandika kila moja karatasi yenye namba yake ili asianze kubishana nayo ukaguzini.

Jumamosi, mpakani

Ofisa alifungua sanduku bapa, akakaa kimya kidogo.

“Ndugu, sinia hii ni ya nini?”

“Ni upatu, afande. Ala ya muziki.”

“Haya, ipige.”

Upatu wa ukubwa ule haupigwi ghafla. Unaanza kuuamsha kwa kugusagusa ukingoni na nyundo laini, hata husikii kitu, chuma kitikisike kwanza. Ukikurupuka na pigo zito unapata kelele ya mlango wa ghala. Kwa hiyo nilisimama katikati ya forodha nikiugusagusa polepole huku ofisa akinitazama kama mtu anayecheleweshwa makusudi. Mlio ulipokuja, ulikuja kutoka sakafuni. Foleni nzima iligeuka. Ofisa aligonga mihuri yote bila kuniangalia tena usoni, na mwimbaji anasema hilo ndilo onyesho letu bora mpaka sasa.

Jumapili, kanisa la mawe

Fundi ana mfuko wa maputo. Kabla hatujashusha chochote anaingia peke yake, anapasua puto moja katikati ya ukumbi, kisha anasikiliza mpaka mwangwi uishe huku simu ikirekodi. Si mchezo wa kitoto. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua maputo ndani ya Hagia Sophia kule Istanbul, wakapata sauti ya jengo lile: mwangwi wa kama sekunde 11. Kwa rekodi hizo waliweza baadaye kuwawekea waimbaji, wakiwa kwingine kabisa, mwangwi uleule masikioni, na waimbaji wakajikuta wanapunguza kasi wenyewe bila kuambiwa.

Humu ndani tumepata kama sekunde sita viti vikiwa vitupu. Maana ya namba hiyo ni muda ambao sauti inachukua kushuka desibeli 60. Kipimo hiki kinatokana na Wallace Sabine wa Harvard, ambaye kuanzia 1895 alikuwa anahangaika na ukumbi mmoja wa mihadhara usiosikika neno. Alibeba matakia ya viti kutoka jengo la jirani usiku, akayapanga, akapiga bomba la kinanda, akahesabu sekunde, akayarudisha kabla hakujapambazuka. Mwanafizikia aliyehamisha matakia usiku kucha ni mtu wetu kabisa.

Sekunde sita zinaamua mambo mengi. Wimbo wa sauti moja, kama zile za watawa wa Kibenedikto, unafaa mno: noti iliyopita bado iko hewani inayofuata inapoingia, kwa hiyo mwimbaji mmoja anajiwekea kwaya. Lakini ukibadilisha kodi kwenye kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kodi mbili zinagombana hewani na inayotoka haitoki. Nikaamua kushika mvumo wa noti mbili tu, ya kwanza na ya tano, usiku mzima. Dufu ndiyo imeumia zaidi. Mapigo ya kiganja yanageuka uji. Mpigaji amebaki na ncha za vidole, karibu na ukingo, na beti mbili za kasi tumezitoa kabisa.

Halafu baridi. Ndani ni nyuzi 12. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na inapungua kama mita 0.6 kwa kila nyuzi moja unayoshuka, kwa hiyo nai iliyopoa inashuka karibu robo ya nusu toni. Kinanda changu kinatumia ndimi za shaba, nazo baridi haizisumbui hivyo. Matokeo ni kwamba nai iko chini, kinanda kiko palepale, na mwimbaji katikati anatutazama kwa zamu kama mtoto wa wazazi wanaonuniana. Mpiga nai anaweza kuipandisha kidogo kwa kugeuza kichwa, lakini si usiku kucha. Tumekubaliana hivi: nai inakaa ndani ya koti mpaka zamu yake, anaipuliza kimyakimya kwa muda wa ubeti mzima, kisha anaanza yeye peke yake na mimi nafunga mvukuto. Kinanda kinarudi akishapata moto. Imeleta sehemu nzuri ambayo haikuwepo kwenye mazoezi, na nadhani itabaki hata kwenye joto.

Watu walipojaa mwangwi ulipungua, kama Sabine alivyokwisha kuonyesha. Miili na makoti hunywa sauti, hasa ile nyembamba. Tuliongeza kasi kidogo. Hakuna aliyegundua ila sisi.

Jumatano, ukumbi wa mikutano

Zulia ukuta hadi ukuta, dari ya chini, mwangwi haufiki hata sekunde moja. Puto lilipasuka kama mtu aliyefunga kitabu. Kila kitu tulichojifunza kanisani hakina kazi hapa: noti inakufa mdomoni, kimya kati ya beti kinakuwa shimo.

Baya zaidi, kimya chenyewe hakipo. Tulipozima maikrofoni zote tukakaa, fundi akainua kidole. Jengo linavuma. Umeme wa nchi hizi ni hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na transfoma na jokofu huvuma kwa maradufu yake, hezi 100. Mvumo wetu uko kwenye noti ya G ya chini, ambayo ni hezi 98. Ukiweka hizo mbili pamoja unapata wimbi linalopanda na kushuka mara mbili kwa sekunde, uu-uu-uu-uu, bila kukoma. Kwenye mabakuli ya shaba kitu kilekile ndicho tunachokitafuta: bakuli lililofuliwa kwa mkono si duara kamili, lina sauti mbili zilizokaribiana mno, na mapigano yake ndiyo yale mawimbi yanayomtuliza msikilizaji. Tofauti ni kwamba bakuli linakufa polepole na wimbi linaisha nalo. Jokofu haliishi.

Tulizunguka na mlinzi wa ukumbi, mzee mwenye bunda la funguo. Feni akazima. Taa zenye kupunguzwa mwanga akazima, tukabaki na taa zetu za betri. Jokofu la vinywaji akakataa.

“Hilo mwanangu si langu. Lina mwenyewe.”

“Saa moja tu, mzee. Vinywaji havitaharibika.”

“Na nikisahau kuliwasha?”

Fundi akatoa funguo za gari letu, akamwambia azifungie ndani ya jokofu. Hatuwezi kuondoka bila kulifungua, na tukilifungua tutaona liko giza. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akalizima. Tangu leo ndiyo njia yetu rasmi, tumeiandika kwenye orodha ya kazi za fundi.

Bado palikuwa na transfoma ndani ya ukuta, ambayo haina mwenye kuizima. Tukahamisha mvumo kutoka G hadi C. Noti ya C iko hezi 131 hivi, mbali na 100 na mbali na 150. Mwimbaji hakufurahi, maana beti za juu zimesogea mahali ambapo hawezi kuimba kwa upole, anabaki kupaza. Akazishusha beti hizo oktava nzima na kuzisema nusu kuimba nusu kughani. Watu wa safu za mbele walisogea mbele ya viti vyao.

Mwangwi hatukuuleta kwa mashine, ingawa fundi anaweza. Mimi nilipinga. Mwangwi wa bandia kwenye chumba kinachoonekana ni kidogo unamchanganya msikilizaji, macho yanasema hivi na masikio vile. Badala yake niliacha mvumo usikatike hata sekunde moja, chini kabisa, ujaze pale ambapo jengo lingejaza.

Ijumaa, safarini

Hakuna kilichotokea. Barabara, mizigo, kulala.

Jumamosi, ulimi mmoja

Kinanda kimefika na noti moja bubu. Watu hukiona kinanda hiki wakadhani kimezaliwa na nyimbo za ibada za Kihindi, kumbe ni mhamiaji. Alexandre Debain alikisajili Paris mwaka 1842, kikiwa kinasukumwa kwa miguu. Karibu na 1875 Dwarkanath Ghose wa Calcutta akatengeneza cha mkono, cha kupigwa umekaa chini, na kikaenea kwenye kirtani na bhajani, nyimbo za ibada za Kihindu, na kawali, nyimbo za Kisufi. Redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971, hoja mojawapo ikiwa kwamba noti zake zimefungwa, haziwezi kuteleza kutoka moja kwenda nyingine kama sauti ya mtu. Hoja ni ya kweli. Hata hivyo ndicho kinanda pekee ninachoweza kukibeba mgongoni na kikaimba bila umeme.

Nilikifungua kitandani. Ndani kuna safu za ndimi za shaba, kila moja imefungwa upande mmoja tu, upande wa pili unacheza ndani ya tundu lenye nafasi nyembamba kuliko unywele. Chembe moja ya vumbi inatosha kuunyamazisha. Unachukua karatasi nyembamba, unaipitisha chini ya ulimi polepole, unainua kidogo, unauachia: ting. Unapuliza. Unajaribu tena. Ulipoamka ulikuwa chini kidogo ya wenzake, nikaukwangua nchani mikwaruzo miwili mitatu. Ncha ikipungua uzito noti inapanda; ukikwangua karibu na shina noti inashuka. Shaba iliyokwisha kuondoka hairudi, kwa hiyo mkwaruzo mmoja, unarudisha, unasikiliza, unafungua tena. Ilichukua asubuhi yote, wenzangu wako nje wanaota jua.

Mwimbaji naye ana ulimi wake wa kutunza. Hewa ndani ya ndege huwa kavu mno, unyevu mara nyingi chini ya asilimia 20, na koo linalijua hilo kabla yake. Siku za ndege hazungumzi. Hanong'oni vilevile, maana kunong'ona nako kunachosha koo. Anaandika kwenye simu, na ujumbe wake umekuwa mkali zaidi kuliko maneno yake ya kawaida.

Jumapili, swali la 432

Limekuja tena, mlangoni, kutoka kwa mtu mwenye nia njema: kwa nini hampigi noti ya A kwenye hezi 432, namba ya asili, namba waliyoimbia wahenga? Huwa najibu kwa upole. Humu sina haja ya upole.

Hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na uma wa kupimia noti ulibuniwa mwaka 1711. Mtawa na mtunzi wa nyimbo Hildegard wa Bingen alifariki mwaka 1179. Aliyeimba nyimbo zake kwa mara ya kwanza alianza mahali koo lake lilipopenda asubuhi ile. Baadaye kila mji ulikuwa na kipimo chake. Ufaransa ikaweka 435 kwa sheria mwaka 1859, na mkutano wa London wa 1939 ukakubaliana 440. Ni makubaliano ya mafundi ili ala za huku na huku ziweze kukaa pamoja. Kinanda changu kiko 440 kwa sababu kilinunuliwa hivyo. Nai kwenye baridi, tumeshaona, iko popote inapotaka.

Na mtu akitulizwa na muziki wetu, alhamdulillahi. Lakini kwenye bango letu hakuna neno “tiba”, na waandaaji wawili waliliongeza wenyewe tukaomba liondolewe. Mgonjwa asije akaacha dawa kwa ajili ya upatu.

Jumanne, yasiyopanda jukwaani

Kikao kirefu baada ya chai. Mpiga nai amelelewa kwenye zikri, mwimbaji kwenye kwaya ya kanisa, mimi nimejifunza kirtani kwa watu waliokuwa wakinifundisha wamefumba macho. Kila mmoja ana kitu ambacho kinaombwa na waandaaji na ambacho moyo unasita.

Tuliliangalia kwa mifano ya wengine. Gnawa wa Moroko wana usiku wao, lila, unaokwenda mpaka alfajiri kwa mpangilio wa rangi na mizimu; UNESCO iliuorodhesha utamaduni wao mwaka 2019; na jukwaani wanapewa dakika chache. Wanachofanya wengi ni kuleta nyimbo na kuuacha usiku wenyewe nyumbani. Tamasha la Fes la muziki wa ibada wa dunia, lililoanza 1994, limesimama juu ya makubaliano ya namna hiyo: unaleta sauti ya dini yako mbele ya wasio wa dini yako, na unaamua mwenyewe mpaka uko wapi.

Mpaka wetu tumeuweka hivi. Kilichofundishwa kwa kiapo au kwa ruhusa ya mwalimu hakipandi. Zikri ya duara, ile ya pumzi, haipandi, kwa sababu haina mtazamaji. Anayeitazama tu amebaki nje yake. Kasida inapanda. Zaburi inapanda. Kirtani ya kuitikiana inapanda, ila tu ukumbi ukiitika. Wasipoitika tunaiacha na kuendelea, hatuwabembelezi. Mpiga nai alitaka zaidi ya hapo, alitaka tuache hata kutaja kwamba nyimbo ni za nani. Nilikataa. Wimbo una mwenyewe, na kumficha mwenyewe ili ukumbi ujisikie wa kila mtu ni kumnyang'anya.

Kuhusu wakati, nimepata jambo kwenye kawali. Kiongozi wa kawali huwa anawatazama wasikilizaji, na mstari ukimgusa mtu mmoja anaurudia, tena na tena, mpaka yule mtu atulie, ndipo anaendelea. Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji wa kawali wa Pakistani, alipoimba kwenye tamasha la WOMAD kisiwani Mersea, Uingereza, mwaka 1985, wengi waliokuwa mbele yake hawakuijua lugha, na bado alikuwa na uhuru huo. Programu yetu ilikuwa imefungwa dakika kwa dakika. Sasa ina maungio: sehemu tatu ambapo tunaweza kukaa kadiri ukumbi unavyohitaji, na ishara ya kuondoka ni mwimbaji kuinua uso. Muandaaji anaambiwa saa moja na robo. Tunampa kati ya hapo na kidogo zaidi, na hakuna aliyelalamika ila mmoja aliyekuwa na gari la kuwahi.

Alhamisi, wenzi

Makofi ndiyo tatizo letu la kila ukumbi. Wimbo unaisha, upatu bado unalia, mtu mmoja mwenye adabu anaanza kupiga makofi, na wengine wanamfuata kwa kuogopa kuonekana hawana shukrani. Tulijaribu tangazo mwanzoni, likawafanya watu wawe na wasiwasi, wanakaa wameshika mikono. Tukajaribu kuandika kwenye karatasi ya programu. Gizani hakuna asomaye. Sasa hatusemi lolote. Nyimbo haziishi: mvumo unaendelea chini ya kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho, hata ninapobadilisha ala mtu mwingine anaushika, kwa hiyo hakuna mahali pa kupigia makofi. Mwishoni fundi anawasha taa kabla mvumo haujakatika. Wakitaka kupiga, wapige hapo, ni haki yao.

Wanaolala hatuwaamshi. Mwanamuziki Robert Rich alianza mwaka 1982, akiwa Stanford, kufanya maonyesho ya usiku kucha kwa watu waliokuja na matandiko yao, kwa hiyo usingizi si tusi kwa mwanamuziki. Kukoroma ni habari nyingine. Jana bwana mmoja safu ya tatu alikoroma kwa mdundo wa polepole, na mpiga dufu, Mungu amsamehe, akamfuata kwa ubeti mzima. Mke wake alikuwa wa kwanza kucheka.

Meza ya kuuza rekodi imehamishwa. Ilikuwa mlangoni, na mtu aliyetoka akiwa bado mbali anakutana na sauti ya chenji. Sasa inafunguliwa kabla ya onyesho tu na kufungwa tunapoanza. Mauzo yamepungua, fundi ambaye ndiye mhasibu wetu ameninunia, na mimi nimemwambia tutalizungumza ziara ikiisha.

Jumamosi, mahesabu

Kanisa Katoliki lilitoa mwongozo tarehe 5 Novemba 1987 kuhusu matamasha makanisani: kuingia kuwe bure na wazi kwa wote, muziki uendane na mahali, wanamuziki waiheshimu altare, na maombi yapelekwe mapema kwa maandishi. Kwa hiyo kumbi zenye mwangwi mzuri kuliko zote ndizo zisizoweza kuuza tiketi, na zenye zulia na jokofu ndizo zinazolipa. Bajeti ya ziara imejengwa juu ya kichekesho hiki: ukumbi mkavu mmoja unalipia kanisa moja. Waandaaji wanaodhani tunapendelea makanisa kwa sababu ya uchaji hawajaona daftari letu.

Kikapu cha hiari mlangoni kinaleta tofauti kubwa kutoka mahali hadi mahali, na sijaona uhusiano wowote kati ya kilichomo na jinsi ukumbi ulivyosikiliza.

Jumatatu, hali ya mradi

Kinachofanya kazi: maputo, mvumo usiokatika, maungio matatu, nai kuanza peke yake, funguo ndani ya jokofu. Kilichotolewa: beti mbili za kasi za dufu na tangazo la mwanzoni. Kinachobishaniwa: meza ya rekodi, na C au G. Mwimbaji anataka tuwe na programu mbili kamili, moja ya kila mvumo, asiambiwe jioni ya onyesho. Ana haki, na maana yake ni mazoezi mapya wiki ijayo pamoja na mabakuli mengine, kwa kuwa niliyonayo yalichaguliwa kukaa na G.

Bado nina hamu moja ambayo wenzangu wanaiita ugonjwa. Mwaka 1988 mtunzi wa Marekani Pauline Oliveros na wenzake wawili walishuka ndani ya tangi tupu la maji chini ya ardhi huko Fort Worden, jimbo la Washington, lenye mwangwi wa sekunde 45, wakarekodi humo. Ukumbi unaofuata umetuandikia kwamba una ghala la zamani la kuhifadhia maji, halina viti, na wanauliza kama linatufaa. Fundi amejibu barua kabla yangu. Ameuliza mlango wa tangi una upana gani, kama kuna ngazi au lifti, na kama kuna mtu wa kutusaidia kuushusha upatu.